Upande wa Wanawake

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumanne moja ya msimu wa kupanda, mkono wangu wa kushoto uliachilia pakiti ya mbegu za mahindi bila ruhusa yangu. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka langu la mbegu na mbolea, sokoni Ndalu. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimemaliza kuandika risiti, nami huandika saa kwenye kila risiti, tabia ambayo mke wangu huicheka. Pakiti ilianguka nikaitazama pale chini kama kitu cha mtu mwingine. Mteja akaniuliza, "Mzee Simiyu, uko sawa?" Nilimjibu kwamba niko sawa kabisa, lakini maneno yalitoka kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Yeye ndiye aliyezunguka kaunta akanidaka kabla sijafika sakafuni.

Sitaeleza kiharusi ni nini. Yako maandishi mengi kuhusu hilo, na mimi niliyeishia darasa la nane nimeyasoma mengi kuliko yalivyonifaa. Naandika kwa ajili ya yule aliyepigwa, akainuka, akapongezwa kwamba amepona, na bado watu wa nyumbani kwake wanaona amekuwa mtu mwingine. Naandika pia kwa ajili ya mke wa mtu huyo. Mimi ningesimuliwa haya mapema, mjane mmoja asingeaibishwa mbele ya kanisa zima kwa mdomo wangu.

Kitale nililazwa hadi mvua ikashika vizuri. Mdomo ulikuwa umeanguka upande mmoja na mate yalinitoka bila mimi kujua. Mke wangu, Nafula, aliyapangusa kwa pindo la leso yake huku akizungumza na watu wengine, ili isionekane kama kazi. Nilinyoa nusu ya uso nikaridhika. Nilikula wali wa upande wa kulia wa sahani nikalalamika kwamba hospitali inatunyima chakula. Nafula hakubishana nami. Alikuwa anaigeuza tu sahani, na wali ukatokea. Mpaka leo nikikumbuka mkono wake ukiigeuza sahani ile polepole naona hiyo ndiyo dawa ya kwanza niliyopewa.

Niliporudi nyumbani, majirani walikuwa wamenipandia ekari yangu. Wakati wa kupalilia mara ya kwanza nilikuwa natembea kwa fimbo. Wakati wa kupalilia mara ya pili niliiacha fimbo mlangoni. Uso ulinyooka. Nikaanza kunyoa pande zote mbili na kumaliza sahani. Watu walikuja na kuku na sukari wakasema, "Mungu amekuachilia, mzee," nami niliwaamini, kwa sababu kila kitu nilichoweza kukipima kilikuwa kimerudi.

Kile ambacho sikuweza kukipima kilianza kujionyesha kidogo kidogo, na kila mara nilimlaumu mtu mwingine.

Mwezi wa sita tulikwenda Bungoma, kwa kuwa binti yetu Nekesa anasoma chuo huko na alikuwa amenitafutia miadi ya daktari wa mishipa. Chumba cha kungojea kilikuwa kirefu, benchi zimepangwa kwa ukuta, mlango wa daktari mwisho wa upande wa kushoto. Nekesa alitoka kwenda kulipia. Nilikaa na gazeti langu. Wagonjwa waliokuja nyuma yangu wakaingia, wakatoka. Mara nikasikia jina langu, wazi kabisa. Nikasimama, nikakunja gazeti, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kulia na kuufungua. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi humo, mdomo wazi, akingʼolewa jino.

"Mzee, mzee! Huku!" watu wa benchini waliniita, na niliwasikia wote, na wote, kwangu mimi, walikuwa ndani ya kile chumba cha meno. Nikazidi kuingia.

Nekesa alirudi akanishika mkono. Muuguzi alimwambia, "Baba yako nimemwita mpaka sauti imekauka. Ananisikia, anainua kichwa, halafu anaangalia ukuta ule mwingine."

"Huyo muuguzi anaongea ndani ya shingo," nilimwambia Nekesa tulipotoka. "Mtu wa kuita watu anapaswa kuwa na sauti."

"Baba, si hata mimi nimemsikia kutoka huko nje kwa dirisha la malipo?"

Ili kumaliza ubishi nilipimwa masikio Kitale wiki iliyofuata. Walinivalisha vifaa vya kichwani, wakapeleka mlio katika sikio moja kisha jingine, nami niliinua kidole kila nilipousikia. Masikio yote mawili yalikuwa mazima kupita umri wangu. Karatasi ile niliikunja nikaiweka mfukoni mwa shati, na kila Nafula aliponung'unika kwamba ananiita simjibu, niliitoa.

"Imeandikwa hapa, Mama Nekesa. Mazima."

"Basi kama ni mazima," alisema siku moja, "mimi ndio najua shida ni nini." Akaingia jikoni. Sikumuuliza shida aliyoijua ni ipi.

Sasa niwaeleze kuhusu mnada, kwa sababu msomaji wa mbali huenda hana desturi hii.

Baada ya mavuno, kanisa letu huwa na Jumapili ya shukrani. Kila nyumba huleta kitu: debe la maharagwe, mkungu wa ndizi, jogoo, wakati mwingine ng'ombe. Vitu hivyo havipelekwi sokoni. Vinauzwa palepale uwanjani baada ya ibada, kwa mnada, na fedha zinakuwa za kanisa. Ni siku ya kicheko. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara nne, kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Mnadi nilikuwa mimi kwa miaka mingi. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyopaswa kuipenda. Nilikuwa na fimbo ya mwanzi, na kanuni niliyoitunga mwenyewe baada ya ugomvi fulani wa zamani: fimbo ikigonga meza mara tatu, bei imefungwa na hairudi nyuma. "Hata mimi mwenyewe siwezi kuirudisha," nilikuwa nikisema, na watu wanacheka.

Jambo la pili la kujua ni hili. Kwetu wanawake huketi upande mmoja na wanaume upande mwingine, walivyoketi wazee waliotutangulia. Hata nje uwanjani, ambako hakuna benchi, watu hujigawa vivyo hivyo bila kuambiwa. Ukisimama mezani ukawatazama, wanaume wako kulia kwako. Wanawake wako kushoto.

Usiku wa Jumamosi Nafula aliniambia, "Baba Nekesa, mwaka huu wachia mtu mwingine. Umetoka kuugua juzi tu."

"Mnada ni sauti na hesabu. Kipi nimepoteza?"

Akasema, "Sawa," kwa namna ile ambayo mume mwenye akili huisikia.

Mwaka huo kulikuwa na mtamba. Alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kifuani, na kila mtu Ndalu alijua ametoka wapi. Mama yake alikuwa ng'ombe wa Mama Barasa. Mumewe alipougua, Mama Barasa aliuza ng'ombe huyo kwa Mzee Wangila ili alipie hospitali. Mume akafa, na ng'ombe akabaki kwa Wangila. Sasa Wangila, kwa moyo mzuri, alikuwa ametoa mtamba wa kwanza wa ng'ombe yule kuwa shukrani yake. Mama Barasa alikuwa ameweka akiba kwenye kikundi cha akina mama mwaka mzima, na baada ya kusikia habari ya mtamba alikopa kidogo juu yake. Alitaka kurudisha damu ya ng'ombe wake nyumbani, mbele ya watu, kwa fedha yake. Wanaume wetu walikubaliana kimyakimya kwamba hakuna atakayemzidi.

Lakini alikuwepo Kariuki, mnunuzi wa mifugo kutoka Kitale, mgeni wa mtu fulani, ambaye hakujua lolote.

"Huyu hapa!" nilisema. "Miguu minne, chuchu nne, na hana deni na mtu! Nani ananifungulia?"

"Ishirini na tano!" Kariuki akasema, mbele kidogo upande wa kulia.

"Elfu ishirini na tano! Huo ni mkia tu, bado mwili!"

Watu wakacheka. Nilimngojea Mama Barasa. Nasema kweli, nilimngojea. Nikajiuliza mbona amenyamaza, nikafikiri labda fedha hazikutosha, nikamhurumia. Mzee mmoja alisema ishirini na nane ili kuchangamsha. Kariuki akasema thelathini na moja.

Hapo nikasikia sauti ya mwanamke: "Thelathini na nne."

Niliisikia vizuri. Ilitoka kulia, nyuma ya Kariuki, pale wanaposimama vijana. Ndivyo ilivyonifikia, kama vile wewe unavyojua sasa hivi kwamba mlango wa chumba chako uko ulipo. Hapakuwa na shaka ya kunifanya niulize. Nikajua moja kwa moja kwamba kijana fulani anaiga sauti ya mama mjane, na nikakasirika kwa ajili yake.

"Wewe unayebana sauti kama mwanamke," nilisema nikiwaelekea wanaume, "nyamaza. Hapa tunauza ng'ombe, hatuchezi."

Wanaume walicheka. Nilidhani wanamcheka kijana.

"Thelathini na sita," sauti ikasema tena, chini zaidi.

"Nimesema nyamaza!"

Kisha sauti nyingine, ambayo ningeitambua hata ndani ya kaburi: "Baba Nekesa! Baba Nekesa, ni huku!" Nayo ilitoka kwa vijana. Nikafikiri, wamefika hapo sasa, wanamwiga hadi mke wangu. Nikagonga meza. Moja. Mbili. Tatu. Thelathini na moja, Kariuki wa Kitale.

Mzee Wangila alikuja mezani. "Simiyu, na yule mama?"

"Mama gani?"

"Si amekupatia bei mbili? Kila mtu amesikia, bana."

"Sikusikia mama. Nimesikia vijana wanacheza."

"Vijana wapi? Hakuna kijana amefungua mdomo."

Mchungaji naye akasogea. Alisema kwa upole, "Mnadi, tunaweza kurudia."

Hapa ndipo pa kuniuma, kwa sababu hapa hapakuwa na ugonjwa. Nilikuwa nimeambiwa na watu wawili ninaowaheshimu kwamba nimekosea. Niligeuza kichwa nikawaona wanawake, na Mama Barasa katikati yao ameketi kwenye nyasi, mkoba wake mapajani, akiufunga zipu. Ningeweza kusema neno moja. Badala yake nikasema, "Fimbo imegonga mara tatu. Kanuni ni kanuni."

Kariuki alikuwa ameshalipa. Alimfungua mtamba akaondoka naye.

Nafula alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipoingia nyumbani hakuvua hata kitambaa cha kichwa.

"Nimekuita mara ngapi?"

"Wewe hukuniita. Ni vijana."

"Simama hapo hapo," akasema. Akatoka kwenye pembe ya jicho langu, upande wa jikoni, kushoto kwangu. Kisha nikasikia, "Simiyu." Hakuwa ameniita kwa jina tangu Nekesa azaliwe. Nilikwenda kumjibu dirishani, upande wa barabara. Nikafungua pazia. Nje palikuwa na mbuzi wa jirani peke yake.

Nilipogeuka nilimkuta katika mlango wa jikoni ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Na mimi," alisema, "mimi nilidhani umenichoka. Tangu mwezi wa sita nakuita, unanigeuzia mgongo, unaenda kuongea na ukuta. Nilisema ni sawa, watu wakitoka kwa kifo wanabadilika. Hata nilimwambia dada yangu huko Kabuchai anitengee kitanda."

Nilitoa karatasi ya masikio mfukoni, kwa mazoea tu, nikairudisha.

Wiki zilizofuata wanawake wa kanisa waliacha kununua dukani kwangu. Walipita. Ilisemekana Kariuki alikuwa amenihonga. Uvumi huo ulikuwa rahisi kuubeba. Angalau ulikuwa uongo. Kilichonilemea ni kile ambacho hawakuwa wakikosea: kwamba nilimnyamazisha mjane, na watu wakacheka.

Msimu wa kiangazi, Nekesa alitupeleka Kitale kwa Salim, kijana aliyesomea kuwarudisha watu wa kiharusi katika shughuli zao. Chumba chake kiko nyuma ya msikiti. Tuliketi kwenye veranda kungoja zamu pamoja na mwanamke aliyekuwa akimfundisha mumewe kushika kijiko, naye mume akikidondosha, naye akikiokota bila kuguna. Nilitaka kumwambia asichoke. Nilinyamaza, maana mimi si mtu wa kumshauri mwanamke yeyote.

Salim alinisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kuhusu masikio. Alinikalisha kwenye kiti akaendelea kuzungumza habari za bei ya mahindi, mpaka adhana ya adhuhuri ikaanza.

"Mzee, funga macho. Nionyeshe msikiti uko wapi."

Nikanyoosha mkono kulia bila kusita.

"Fungua."

Mkono wangu ulikuwa umeelekea kwenye kabati la faili. Msikiti ulikuwa nje ya dirisha la kushoto. Mnara wake ulijaza dirisha. Salim aligeuza kiti pamoja nami. "Funga tena. Sasa?"

Nikanyoosha mkono kulia, na safari hii nilipofungua macho mnara ulikuwa pale.

"Msikiti umehama, mzee?" aliuliza, bila dhihaka. Nafula aliangua kicheko, kisha kikageuka kilio, na Salim akampa leso ya karatasi akangoja.

"Masikio yako hayana kosa," aliniambia. "Sauti inaingia. Ni kichwa ambacho kimeacha kuulinda upande wa kushoto. Ikitoka huko, ama kinaiacha ipite, ama kinaipatia makao upande wa kulia. Na hakikuambii. Hapo ndipo ubaya wake."

Hicho ndicho kitu ambacho ningependa msomaji akichukue. Aliyepofuka anajua haoni. Mimi sikuwa na giza lolote upande wangu wa kushoto. Dunia yangu ilikuwa kamili, imejaa, haina pengo. Ilikuwa tu imekosea. Kwa hiyo usimngoje mgonjwa wako akuambie. Simama nyuma yake kushoto, mwite kwa sauti ya kawaida, utazame anageukia wapi. Ni jaribio la bure na halimdhuru.

Mazoezi yalikuwa ya kitoto. Nafula aliweka redio mahali tofauti kila jioni nikaitafuta nimefunga macho. Aligonga kikombe kwa kijiko huku akizunguka chumba. Salim alinifundisha desturi moja: kila nisikiapo sauti nisiyoiona, nigeuze kichwa kushoto kwanza, mpaka kidevu kifike begani, hata kama nina hakika imetoka kulia, hasa nikiwa na hakika. Mwanzoni nilihisi mpumbavu, natazama mahali patupu huku mtu akizungumza mahali pengine. Kisha nikatazama mahali patupu na kumkuta mke wangu. Barabarani niliacha kuvuka bila kugeuza shingo, kwa sababu pikipiki zilikuwa zinazaliwa mbele yangu kutoka pasipo na kitu.

Hali haijarudi yote. Mvua ikipiga mabati, au watu wakizungumza kwa pamoja, kushoto kunafutika tena. Nafula sasa hupita upande wangu wa kulia kabla ya kusema neno la maana, na dada yake wa Kabuchai alikitoa kile kitanda kwa mjukuu.

Nilipoweza kueleza kilichonipata, nilikwenda kwa Mama Barasa. Nilikuwa nimejiandaa kama mwanafunzi. Nilimweleza habari ya msikiti, ya redio, ya chumba cha meno. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha. Nilipomaliza akasema:

"Pole kwa ugonjwa."

"Asante, mama."

"Sasa niambie. Wangila alikuja kwako, mchungaji akakuja. Ni ugonjwa ndio ulisema kanuni ni kanuni?"

Nilitazama mahindi. "Hapana," nikasema. "Huyo nilikuwa mimi."

"Afadhali umesema." Akaendelea kupukuchua. "Unajua kilichoniuma? Si ng'ombe. Mtoto wangu aliniuliza njiani, 'Mama, kwani pesa yetu ilikuwa mbaya?'"

Niliondoka bila kuaga vizuri.

Mvua za kwanza zilinikuta kwa Kariuki, nje kidogo ya mji wa Kitale. Nilikuwa nimemwomba Mungu Kariuki asiwe amemchinja mtamba wala kumuuza. Alikuwa pale, amenenepa, ana mimba.

"Mzee, mimi nilinunua mbele ya kanisa," Kariuki alisema. "Sikuiba. Nyinyi ndio mlisema hakuna kurudi."

"Ni mimi niliyesema. Taja bei."

Alitaja hamsini na tano. Nilimweleza ni wa nani. Alikuna kichwa, akanung'unika kwamba hakuna mtu aliyemwambia, kwamba angejua asingefungua mdomo, na kwamba hata hivyo majani na dume havikuwa vya bure. Tukaafikiana hamsini na mbili.

Nilimpelekea Mama Barasa habari kwamba mtamba ni wake, sihitaji chochote. Alirudisha jibu kwa kinywa cha Nafula: "Mwambie sikuomba ng'ombe ya bure. Nilitoa bei. Na si ng'ombe peke yake alininyima. Amlete hapa, aje na ile fimbo, anadi tena."

Kwa hiyo Jumamosi moja mahindi yakiwa kimo cha goti, nilisimama katika uwanja wa Mama Barasa nikiwa na fimbo ya mwanzi na meza ya jikoni. Alikuwa amewaita wanawake wa kikundi chake. Mzee Wangila alikuja, na mchungaji, na wanaume wachache wasiotaka kupitwa. Walijigawa kama kawaida: wanaume kulia, wanawake kushoto. Mtamba alikuwa amefungwa mbele yangu akitafuna.

"Nadi vizuri," Mama Barasa aliniambia akienda kusimama mahali pake. "Kama siku ile."

"Huyu hapa," nilisema, na sauti haikuwa na mzaha wowote. "Nani ananipa bei?"

Upepo ulikuwa unavuma katika mahindi. Mtu alikohoa. Kisha nikasikia, "Thelathini na sita."

Ilitoka kulia. Nawaambia ukweli: baada ya mazoezi yote yale, ilitoka kulia, pale aliposimama Wangila, wazi na bila shaka yoyote. Mwili wangu wote ulitaka kugeukia huko. Niligeuza shingo kushoto. Nikaona kona ya nyumba. Nikaendelea, mpaka kidevu kikafika begani, nikaona viatu vya plastiki vya buluu, kisha leso, kisha uso wa Mama Barasa, mdomo umefungwa, unangoja.

"Elfu thelathini na sita," nilisema, nikimtazama. "Kutoka kwa Mama Barasa. Kuna anayezidi?"

Niliwangoja wanaume kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikagonga mara tatu.

Alikuja mezani akafungua zipu ya mkoba, akahesabu noti mbele yangu, moja moja, akazipangusa kwa kiganja.

"Kwani nani alikuwa anabana sauti?" aliuliza kwa sauti ya kusikika.

"Hakuna," nikajibu. "Ilikuwa yako."

Wanawake walicheka, na niliwaacha wacheke hadi walipomaliza. Mama Barasa hakucheka. Alishika kamba akamwongoza mtamba nyuma ya nyumba. Mpaka leo tunasalimiana tu, na hiyo ni zaidi ya ninachostahili. Dukani kwangu wanawake wamerudi, isipokuwa yeye. Hununua mbegu zake Tongaren. Fimbo nilimkabidhi mchungaji siku ileile, ampe mtu mwingine.

Nafula aliniuliza njiani imetugharimu kiasi gani. Nilimpa Kariuki elfu hamsini na mbili, mwenye pikapu iliyomleta mtamba elfu tatu, na kanisa elfu tano ambazo mnada wangu ulilipunja. Mama Barasa alinilipa bei yake, elfu thelathini na sita, bila kupungua wala kuzidi. Hasara yangu ilikuwa shilingi elfu ishirini na nne.